Besi safi ya panki ukiwa Lubumbashi: uchague kipi na uache kipi

Mtu akitaka kuanzisha bendi ya panki, ile roki ya kasi na makelele, hapa Lubumbashi, mpiga gitaa hupatikana upesi, ngoma huazimwa, na mwimbaji amejileta mwenyewe. Besi ndiyo inayobaki na maswali. Gitaa la aina gani? Vidole au mediatori, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi? Nitafute ampli, au niingie moja kwa moja kwenye sono, yaani miksa na spika za ukumbi? Kila swali lina majibu mawili matatu yenye wafuasi wake, na pesa ya kununua yote haipo. Kwa hiyo nimeyapanga majibu hayo sambamba, nikiangalia hali tuliyo nayo: umeme wetu, kumbi zetu, na vyombo vinavyotufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mtu anayeanza na mfuko mwepesi, nachagua gitaa lenye mikro (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) ya aina ya Precision, mediatori ya milimita 0.88, nyuzi za kawaida zenye mikwaruzo, na kisanduku kizuri cha DI, kile kinachounganisha besi na miksa. Ampli inafuata baadaye. Zipo hali zinazougeuza uamuzi huo, na nitazitaja kila moja mahali pake.

Sauti tunayoitafuta

Besi safi ya panki si laini, wala si nyembamba. Kila noti inasikika inapoanza na inapokatika, hata kama gitaa lenye distoshani (mlio uliopasuliwa makusudi) limejaa pembeni na mpiga ngoma hayahurumii matoazi. Ina ukali kidogo mwanzoni mwa noti, ina mwili wa kati, na chini yake imebanwa, haimwagiki.

Fanya hesabu ndogo uone ugumu wake. Wimbo ukienda midundo 180 kwa dakika, besi ikapiga noti mbili katika kila mdundo, hizo ni noti 6 kwa sekunde. Uzi wa mi, ule mnene kuliko yote kwenye besi ya nyuzi nne, ukiwa wazi hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde. Kwa hiyo kila noti inapata mitetemo isiyotimia 7, kisha nyingine inaingia. Kwa muda mfupi namna hiyo sikio haliitambui noti kwa uzito wa chini peke yake. Linashika yaliyo juu yake: mlio wa uzi wenyewe kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 700 hadi 1,000, na mguso wa mediatori kwenye hezi 2,000 hadi 3,000. Ukiongeza uzito wa chini kwenye ampli, unaongeza kitu ambacho sikio halina muda wa kukisoma.

Mazoea yetu yanatuvuta upande mwingine. Wengi tumejifunza besi kanisani au kwenye bendi za sebene, ile sehemu ya rumba ya kuchezea, na besi ya sebene inaishi kwa nafasi: unapiga, unanyamaza, unarudi kabla ya mdundo, na wachezaji wanaingia mle katikati. Noti nene inapendeza pale kwa sababu ina mahali pa kukaa. Kwenye panki noti zimebanana bila mwanya, na sauti ileile nene, ikipigwa mara 6 kwa sekunde, inageuka mngurumo mmoja ambao huwezi kujua umepiga noti ya la au ya sol.

Hata hivyo usafi wenyewe Katanga haukuletwa na roki. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimkuta mtu mmoja na gitaa lake kavu, dole gumba likibeba besi na kidole cha shahada kikibeba wimbo, na kila noti ikiwa peke yake. Wala roki yenyewe si mgeni katika eneo letu. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi ya WITCH na wenzao, magitaa yao yakiunguruma kwa fuzi, aina ya distoshani, na Johannesburg mwaka 1979 iliunda National Wake, bendi ya panki ya weusi na weupe waliosimama jukwaa moja wakati wa ubaguzi wa rangi, besi ikiwa mikononi mwa Gary Khoza. Kijana wa mtaa wetu wa Kamalondo anayepiga panki hana haja ya kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Precision, Jazz, au besi ya kanisani

Madukani na kwa watu wanaouza vyombo vilivyotumika utakutana na aina tatu, karibu zote zikiwa nakala. Nakala si tatizo. Kinachoamua sauti ni mikro, aina yake na mahali ilipowekwa.

Precision ilitoka kwa Fender mwaka 1951, na mwaka 1957 ikapewa mikro iliyogawanyika vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi za mi na la, kingine chini ya re na sol. Ndiyo sauti ya panki tangu mwanzo: Dee Dee Ramone wa Ramones aliishika, Paul Simonon wa The Clash aliishika, Jean-Jacques Burnel wa The Stranglers aliishika. Mikro yake moja iko mahali ambapo uzi una mwili na bado una ukali, na masafa ya kati yanatoka yenyewe bila kuombwa. Ina kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni, hivyo hakuna mahali pa kupotea.

Iko sababu nyingine inayonifanya niitetee zaidi hapa kuliko ambavyo ningeitetea mahali pengine. Vipande vile viwili vya mikro vimezungushwa kinyume, na kelele ya umeme inayoingia kwenye kimoja inafutwa na kile kingine. Umeme wetu unakwenda hezi 50. Noti ya sol, kwenye freti ya tatu (zile pau za chuma shingoni) ya uzi wa mi, ni hezi 49. Kelele ya umeme basi inakaa pembeni kabisa ya noti ambayo nyimbo nyingi za panki zinaipita, na zikilia pamoja unasikia mawimbi machafu yanayopanda na kushuka. Katika nyumba na kumbi nyingi za mji huu, tundu la umeme halina waya wa ardhi, au unao lakini haukufika ardhini. Ukiwa na mikro inayofuta kelele yenyewe, umeruka shimo kubwa.

Jazz, pia ya Fender, ya mwaka 1960, ina mikro mbili nyembamba. Ukizifungua zote mbili sawasawa, kelele inafutwa, lakini sehemu ya masafa ya kati inafutwa pia, na kati ndiyo tunayoihitaji. Ukifungua moja tu, kati inarudi pamoja na kelele. Watu wanaoishi na Jazz hufungua mikro ya shingoni yote, kisha wanapunguza kidogo ile ya karibu na daraja (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) mpaka besi inaposogea mbele. Inawezekana, na shingo yake nyembamba inafaa mikono midogo. Kama tayari unayo, usiiuze kwa sababu ya makala hii. Kama bado hujanunua, tafuta Precision, au ile yenye mikro zote mbili, ya Precision katikati na ya Jazz karibu na daraja. Yamaha hutengeneza nyingi za namna hiyo, na ukiwa na chombo hicho unafungua ya katikati peke yake na kuisahau nyingine.

Ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwa vijana wengi: besi yenye betri ya volti 9 ndani, mara nyingi ya nyuzi tano, iliyonunuliwa kwa ajili ya kwaya. Wapenzi wa panki huidharau, nami siungani nao. Betri ile inaendesha kipaza sauti kidogo kinachotoa umeme wenye nguvu, kwa hiyo kebo ndefu haimezi sauti yake ya juu, na ikiingizwa moja kwa moja kwenye miksa haififii kama zinavyofifia besi zisizo na betri. Kama hutakuwa na DI wala ampli kwa mwaka mzima ujao, besi ya betri itakutoa vizuri kuliko Precision. Ujue tu kuituliza: kitufe cha besi kiache katikati au chini kidogo ya katikati, cha kati kipandishe kama kipo, cha juu kisivuke katikati. Uzi wa tano, ule wa si, uzuie kwa dole gumba muda wote, kwa maana unatetemeka wenyewe unapopiga mi na kuchafua kila kitu. Na chomoa jeki ukimaliza mazoezi, la sivyo betri inaendelea kuliwa usiku kucha bila mtu kuitumia.

Ukiwa dukani, usiangalie rangi. Angalia shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani ikiwa imenyooka, linganisha noti ya freti ya 12 na mlio wa juu wa uzi huohuo ukiugusa palepale, na zungusha vitufe usikie kama vinakwaruza. Waya wa shaba ulio ndani ya mikro una unene usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita moja. Ukikatika, kuurudisha ni kazi ambayo mafundi wachache wanaiweza, hata katika mji huu ulioishi kwa shaba tangu 1910.

Mediatori au vidole

Kama ningeruhusiwa kushauri jambo moja tu, lingekuwa hili, kwa sababu haligharimu karibu chochote na linabadilisha sauti kuliko ampli yoyote.

Vidole viwili vinaweza kwenda kasi ya noti 6 kwa sekunde bila shida. Tatizo ni kwamba nyama ya kidole inausukuma uzi polepole kabla ya kuuachia, mwanzo wa noti unakuwa wa mviringo, na kidole cha shahada hakilingani nguvu na cha kati. Noti moja inasimama, nyingine inainama. Kwenye sebene hilo linaleta uhai. Kwenye panki linaacha matundu ambayo mpiga ngoma anayasikia kabla yako.

Mediatori inauachia uzi ghafla, na kila noti inaanza na mkwaruzo uleule. Ndiyo herufi ya kwanza ya neno. Ukipiga zote kwa kushuka chini, kama alivyofanya Dee Dee Ramone, nguvu inakuwa moja kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kupiga chini-juu kunapunguza kazi nusu, lakini pigo la kupanda huwa jepesi, na masikio yanalitambua. Ushauri wangu: jifunze kushuka tupu mpaka midundo 170 kwa dakika, kisha kwa nyimbo zilizo juu ya hapo tumia chini-juu, na ufanye mazoezi ya kulipa pigo la kupanda uzito. Kasi ijenge kwa kiwiko kilichotulia na kifundo cha mkono kilicholegea. Mkono ukiuma, simama. Maumivu ya kifundo hayaponi kwa ukaidi, na nimeona wapigaji wazuri wakikaa pembeni kwa sababu yake.

Unene una maana kubwa. Mediatori ya milimita 0.60 inapinda na kutoa mlio wa plastiki kuliko wa uzi. Ya zaidi ya milimita 1.14 inatoa kishindo kizito, mkwaruzo unazama. Katikati ndipo pazuri: kwenye Tortex za Dunlop, ya manjano ni 0.73, ya kijani 0.88, ya buluu 1.0. Mimi huwapa wanaoanza ya kijani. Mkono wao ukiwa mzito wanahamia manjano, ukiwa mwepesi wanahamia buluu. Ishike sambamba na uzi. Ukiilaza pembeni inakwaruza nyuzi zilizosokotwa na kutoa mlio kama wa kufuta bati, na huo hakuna kitufe kitakachouondoa bila kuondoa na mengine.

Mahali pa kupiga ni juu ya mikro yenyewe, au sentimita tatu nne kuelekea daraja. Ukisogea shingoni chini inajaa na noti inalegea. Ukisogea mno darajani inabaki kamba kavu. Kisha weka ukingo wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi, pale pale zinapotoka darajani, kwa mguso mwepesi sana. Mguso huo unakata mkia wa kila noti kabla ya inayofuata kuingia. Hapo ndipo usafi unapozaliwa, na hata watengenezaji wa ampli za gharama hawawezi kukuuzia. Mkono wa kushoto unafanya kazi yake pia: kidole kinachobana noti kinagusa kidogo uzi wa jirani ili usiitikie.

Vidole ninavichagua katika hali moja. Kama bendi yenu inachanganya panki na rege, kama The Clash walivyofanya, sehemu za rege zinadai vidole, na mtu anaweza kuficha mediatori kiganjani na kuirudisha wimbo ukishika kasi.

Nyuzi

Hapa sikai sana. Nyuzi laini zilizobanwa, zile tambarare, zina mlio mzuri wa zamani lakini hazina ukali tunaoutaka. Ziache. Zenye mikwaruzo ya mviringo ndizo zinazofaa. Rotosound ilizifanya maarufu katika miaka ya 1960 kwa kushirikiana na John Entwistle wa The Who, na panki ya Uingereza ikazirithi. Kati ya chuma cha pua na nikeli, chuma ni kikali zaidi siku za kwanza na kinakula freti haraka, nikeli inatulia upesi na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Kwa kuwa hatubadilishi nyuzi kila mwezi, nachagua nikeli, unene wa 45 hadi 105.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi letu jekundu linaingia kwenye misokoto ya nyuzi na kuziba sauti ya juu. Kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi kinarefusha maisha ya seti nzima. Nyuzi zikifa kabisa, kuzichemsha kunarudisha mng'ao kwa siku chache tu, na maji yakibaki ndani ya misokoto yanaleta kutu. Kuziloweka kwenye spiriti usiku mmoja ndani ya bomba lililofungwa, mbali na moto, kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi na hakuna kutu.

Ampli au DI

Swali hili ndilo linalokula pesa nyingi, na wengi wanaliamua kwa macho.

Picha iliyo kichwani mwa kila mpiga besi wa roki ni Ampeg SVT: mashine ya lampu (zile valvu za kioo) iliyotoka mwaka 1969, wati 300, ikisimama juu ya kabati lenye spika nane za inchi 10. Sauti yake inastahili sifa. Spika ndogo nyingi zinasukuma hewa kwa haraka, na kati inasikika wazi mpaka nyuma ya ukumbi. Lakini kichwa chake peke yake kinazidi kilo 35, kabati ni zito zaidi, na lampu zinataka umeme usioyumba. Jioni watu wote wanapowasha majiko, umeme unashuka, na lampu zinafifia nao. Bila stabilizeta nzuri usiziguse, na zikiungua hapa kupata nyingine ni safari.

Ampli za transista za miaka ya karibuni ni chaguo la kweli. Nyingine zina uzito wa kilo tatu nne na zinatoa wati 300 au zaidi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa: ikiwa imeandikwa volti 120 tu, imekuja kwa ajili ya Marekani, na kwenye volti 220 zetu itaungua mara moja. Ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, inakubali kwetu, na mara nyingi inavumilia umeme kushuka. Zinazotoka Afrika Kusini ziko sawa kwa volti, ila plagi yake ya miguu mitatu minene inahitaji adapta imara, isiyolegea.

Kuhusu nguvu, mbele ya ngoma halisi wati 30 au 50 hazitoshi kwa sauti safi. Ampli ndogo ikisukumwa mpaka mwisho inaanza kupasuka, na hapo usafi umekwisha kabla ya kibwagizo cha kwanza. Hesabu wati 200 kwenda juu. Kamwe usichomeke besi kwenye ampli ya gitaa kwa sauti kubwa. Spika yake haikujengwa kubeba mwendo huo, na itachanika.

Sasa upande wa pili. Angalia kumbi ambazo bendi ya vijana hupigia: ukumbi wa shule, uwanja wa parokia, baa yenye sono ya kukodi, na siku njema jukwaa la Halle de l'Étoile. Karibu kila mahali miksa na spika kubwa vipo. Ampli ya besi haipo. Kinachotokea ni kwamba kebo ya besi inachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la laini (“line”) la miksa, lile la kinanda, na besi inatoka imezibwa kana kwamba iko chini ya blanketi. Sababu ni ya kiufundi na haihusiani na ubora wa gitaa. Tundu la laini kwa kawaida lina ukinzani wa kiloomu 10 hivi, wakati mikro isiyo na betri inataka kuona angalau kiloomu 500, afadhali megaomu 1. Ikikuta ukinzani mdogo, sauti ya juu inamezwa, na ile ya juu ndiyo iliyobeba mguso wa mediatori wako wote.

Kisanduku cha DI kinaondoa tatizo hilo. Chenye transfoma tu, kisichohitaji umeme, ni kigumu na hakiharibiki, na kinafaa zaidi besi za betri. Kile kinachotumia betri, au volti 48 kutoka kwenye miksa, kina mlango wenye ukinzani mkubwa na kinafaa Precision na Jazz. Vyote viwili vina swichi ya kukata njia ya ardhi kwenye mawimbi ya sauti, na swichi hiyo mara nyingi inanyamazisha mvumo papo hapo. Tafadhali tumia swichi hiyo, usivunje mguu wa ardhi wa plagi ya ampli ili kuondoa kelele. Mguu ule ndio unaokulinda ukishika nyuzi kwa mkono mmoja na mdomo wako uko karibu na mikrofoni.

Juu ya DI ya kawaida kuna visanduku vyenye sauti ya ampli ndani yake. SansAmp Bass Driver ya Tech 21 ndiyo mfano mkubwa tangu miaka ya 1990, na Behringer BDI21 ni ya bei ya chini inayofuata njia hiyohiyo. Ninazipenda kwa sharti moja. Mashine hizi huizamisha kati kwa asili yake, na toleo la kwanza la Bass Driver halikuwa na kitufe cha kati kabisa. Mtu anayewasha kila kitu anapata sauti nzuri chumbani inayopotea jukwaani. Weka kitufe cha kuchanganya nusu, ili gitaa lako halisi lipite pamoja na la mashine, ukali chini ya robo, na besi usiizidishe.

Kwa hiyo nachaguaje? Kama bendi yenu inafanyia mazoezi uani kwenye komini zetu za Katuba au Kenya, bila sono, ngoma zikiwa halisi, hamna njia ila kutafuta ampli, hata ya kuchangia bendi nzima. Kama mazoezi yako mahali penye sono, nunua DI kwanza. Inaingia mfukoni, inavuka kila ukumbi, na itaendelea kukufaa hata utakapokuwa na ampli. Mwenye ampli yenye tundu la DI nyuma yake ana vyote viwili, ila amwombe fundi achukue sauti kabla ya ekwalaiza (vitufe vya kurekebisha sauti) ya ampli, ili anachojirekebishia jukwaani kisiharibu cha ukumbini.

Kompresa, au mkono wenyewe

Kompresa inalainisha tofauti za nguvu. Kwa panki iweke uwiano wa 4 kwa 1, ianze kubana baada ya milisekunde 20 hadi 40 ili mguso wa mediatori upite bila kuguswa, na iachie ndani ya milisekunde 100 hivi, kwa kuwa kwenye midundo 180 noti zinafuatana kila milisekunde 167. Ikiachia polepole kuliko hapo, noti ya pili inaikuta bado imebana. Hata hivyo mtu aliyefanya mazoezi ya kushuka tupu tayari ana kompresa mkononi, na pesa hiyo ningeielekeza kwenye kebo nzuri isiyozidi mita 6.

Vitufe na watu

Anza na kila kitu katikati. Punguza hezi 250 kwa desibeli 3, hapo ndipo tope linapokaa. Pandisha hezi 800 kwa desibeli 3. Kata kila kilicho chini ya hezi 40, hakuna noti yako hapo ukiwa na nyuzi nne. Toni ya gitaa iwe robo tatu. Ukiwa peke yako sauti hiyo itakuonyesha sura ngumu, hata ya kuudhi kidogo. Usiirekebishe mpaka uisikie pamoja na ngoma na gitaa.

Mpiga gitaa naye ana deni. Uzi wake wa mi wa chini ni hezi 82, katikati kabisa ya eneo lako, na distoshani inaujaza. D. Boon, mpiga gitaa wa bendi ya panki ya Minutemen, alipunguza makusudi sauti ya chini ya gitaa lake ili besi na ngoma viwe na nafasi sawa na yeye. Mwombe mwenzako ashushe kitufe cha besi cha ampli yake na kupunguza distoshani kidogo. Akikataa, mpigieni wimbo mmoja kwa namna zote mbili huku yeye amesimama ukumbini.

Fundi wa sono kwa kawaida amezoea kwaya na rumba, na mkono wake unakwenda wenyewe kupandisha chini na juu na kuacha shimo katikati. Nenda kwake kabla ya majaribio ya sauti, kwa heshima, ukimwita Yaya, yaani kaka: “Yaya, naomba besi yangu isiwe nzito. Nipandishie kati, na chini uniachie kama inavyokuja.” Wengi hukubali ukisema mapema, na hukataa ukipiga kelele kutoka jukwaani. Kisha, kama kebo inafika, shuka usimame nyuma ya ukumbi huku bendi nzima ikipiga, na upige sehemu yenye kasi kuliko zote. Ukisikia mngurumo badala ya noti, mwombe aguse hezi 250 kwanza, aipunguze tena kidogo, kabla hajasogeza kitu kingine chochote.